Nyonga za wazee: kiwango kinashuka, wagonjwa wanaongezeka (maswali na majibu)

Haya ni maswali ambayo watu huuliza sana ikitajwa habari ya mzee kaanguka kavunjika nyonga. Mengine ni ya takwimu, mengine ni ya mtu ambaye mgonjwa yuko hospitali sa hivi na anataka kujua kinachofuata.

Kuvunjika nyonga ni kuvunjika nini hasa?

Mara nyingi kinachovunjika ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja, pale kwenye shingo inayobeba kile kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye kikombe cha nyonga, au chini kidogo ya hiyo shingo. Umbali ni mdogo tu ila ndo unaamua operesheni gani ifanyike. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa inakatika nayo, kichwa kinaweza kufa, kwa hiyo kwa mzee madaktari wengi hawahangaiki kukiunga, wanakitoa wanaweka cha bandia. Ukivunjika chini ya shingo damu bado inafika, hapo wanaunga kwa chuma, ama bamba na skrubu ama fimbo ya chuma inayopita ndani ya mfupa.

Mbona wengine wanasema tatizo linapungua na wengine wanasema linaongezeka? Tumwamini nani?

Waamini wote, maana wanahesabu vitu viwili tofauti. Kuna kiwango, yaani katika wazee 1,000 wa umri fulani wangapi wanavunjika kwa mwaka, halafu kuna idadi kamili ya watu wanaovunjika.

Kiwango kimeshuka kwenye nchi nyingi zenye rekodi nzuri. Marekani, kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, kilikuwa kinapanda mpaka katikati ya miaka ya 1990 kisha kikageuka, na kati ya 1995 na 2005 kilipungua karibu robo kwa wanawake na kama asilimia 19 kwa wanaume, ila miaka ya 2013 hadi 2015 kushuka huko kwa wanawake kukakwama. Utafiti mwingine uliochapishwa 2023 uliangalia nchi na maeneo 19 kuanzia 2005 hadi 2018, ukakuta sehemu nyingi kiwango kinashuka, Denmark, Singapore na Hong Kong zikiwa mbele, huku Uholanzi na Korea Kusini kikipanda.

Sasa utafiti huohuo ukakadiria kwamba idadi ya wanaovunjika itakaribia kuwa mara mbili ifikapo 2050 ukilinganisha na 2018. Inawezekanaje? Piga hesabu ya mfano tu. Una wazee 1,000, kwa mwaka wanavunjika 10. Miaka inapita, watu wanaishi zaidi, wazee wanakuwa 2,000, na kiwango kimeshuka kwa robo, yaani 7.5 kwa kila 1,000. Zidisha, unapata 15. Kila mzee mmoja mmoja yuko salama kuliko wa zamani na bado wodi ya mifupa imejaa kuliko zamani. Na wale wa miaka 80 na kuendelea, ambao ndo wanavunjika zaidi, ndo kundi linalokua haraka.

Makadirio ya zamani, ya mwaka 1992, yalisema dunia ilikuwa na kama milioni 1.66 ya nyonga zilizovunjika mwaka 1990 na yangefika milioni 6.26 mwaka 2050, nusu yake Asia. Hiyo milioni 6 bado inanukuliwa sana mtandaoni kama vile ni jambo lililokwisha kutokea, ukiiona jua ni utabiri wa miaka zaidi ya 30 iliyopita.

Nchi gani zinaongoza?

Denmark, Norway na Sweden. Tofauti kati ya nchi ya juu na ya chini ni zaidi ya mara kumi. Ila namba ndogo za nchi zenye rekodi haba mimi huzichukulia kwa tahadhari, mzee aliyebaki kitandani nyumbani bila kupigwa eksirei hahesabiwi popote.

Kwani nini kimefanya kiwango kishuke, ni dawa?

Dawa zimechangia ila haziwezi kubeba sifa zote. Alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, halafu ukiangalia sehemu kadhaa kushuka kunaonekana hata kwa wanaume ambao ni wachache sana walikuwa wanapewa dawa hizo. Kule Framingham, Massachusetts, ambako familia zimefuatiliwa kwa vizazi, watafiti waliangalia miaka ya 1970 hadi 2010 wakaona nyonga zinazovunjika zimepungua sambamba na uvutaji wa sigara, wavutaji walikuwa asilimia 38 mwanzoni na mwishoni wakabaki kama 15. Kwenda sambamba siyo uthibitisho kwamba hiki kimesababisha kile, lakini sigara inajulikana wazi kwamba inadhoofisha mfupa, kwa hiyo si jambo la kulipuuza. Kuna na uzito wa mwili, watu wembamba sana wanavunjika zaidi, na vizazi vya sasa vimenenepa, hiyo siyo sababu ya mtu kunenepa makusudi maana anahamishia shida kwenye moyo na sukari.

Kwa nini wanawake zaidi?

Karibu robo tatu ya wanaovunjika ni wanawake. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka na mfupa unaanza kupungua kwa kasi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, halafu wanawake wanaishi muda mrefu kuliko wanaume kwa hiyo wengi zaidi wanafika umri wa hatari. Wanaume nao wasijione wako pembeni, mwanaume akivunjika nyonga uwezekano wa kufariki ndani ya mwaka ni mkubwa kuliko wa mwanamke, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumfikiria mifupa yake kabisa.

Eti mfupa unavunjika wenyewe ndo mtu anaanguka?

Inatokea lakini ni nadra, kwa mfano mfupa ulioliwa na saratani. Kwa walio wengi, zaidi ya asilimia 90, kuanguka ndo kunaanza, na siyo kuanguka kutoka juu ya mti, ni kuanguka kutoka alipokuwa amesimama. Anageuka ghafla kuitikia mtu, anajikwaa kwenye zulia, anainuka usiku kwenda chooni kichwa kikazunguka.

Na namna ya kuanguka ina maana yake. Mtu wa miaka 55 anatembea kwa mwendo, akijikwaa anaenda mbele na mkono unatangulia, anavunjika kifundo cha mkono. Wa miaka 82 anatembea polepole, anaenda pembeni, mkono unachelewa na nyonga ndo inapokea uzito wote. Ndo maana mama wa miaka 50 na kitu akivunjika mkono kwa kuanguka kawaida tu, usiishie kwenye plasta, hiyo ni taarifa ya mapema kwamba mifupa ipimwe.

Nitajuaje kama mzee kavunjika au kaumia misuli tu?

Mlaze chali uangalie miguu yote miwili pamoja. Mguu uliovunjika mara nyingi unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Maumivu yapo kwenye kinena au upande wa nyonga, wakati mwingine analalamikia goti na goti halina shida. Hawezi kuukanyagia wala kuunyanyua ukiwa umenyooka. Msimvute mguu kuunyoosha, msimlazimishe asimame kujaribu.

Tahadhari moja, wapo wanaotembea na nyonga iliyovunjika. Vipande vikiwa vimebanana mtu anachechemea siku kadhaa, na hata eksirei ya kwanza inaweza kuonekana safi. Mzee kaanguka, eksirei safi, maumivu ya kinena hayaishi, rudini mkaombe CT au MRI, vipimo vya picha vinavyoona zaidi ya eksirei.

Ana miaka 90, ana presha, kuna ulazima gani wa operesheni? Si tumwache apumzike aungike mwenyewe?

Hili ndo swali linalogombanisha ndugu na naelewa hofu yake. Lakini hatari ya operesheni isilinganishwe na usalama, ilinganishwe na kulala kitandani wiki sita mpaka kumi na mbili. Huko kitandani kuna nimonia, damu kuganda miguuni na kwenda kwenye mapafu, vidonda vya mgongoni, kuchanganyikiwa akili, na misuli inayoyeyuka mpaka hata mfupa ukiunga hana nguvu ya kusimama. Umri peke yake siyo sababu ya kukataa, na ganzi ya mgongoni ipo, siyo lazima nusu kaputi. Anayeachwa bila operesheni kwa kawaida ni yule ambaye tayari yuko mwishoni mwa maisha kwa ugonjwa mwingine, au aliyevunjika kwa namna ile ya vipande kubanana na daktari ameona anaweza kufuatiliwa.

Muda nao ni muhimu, miongozo mingi inataka ifanyike ndani ya saa 24 hadi 48. Uingereza wanalenga saa 36 na wana daftari la taifa la wagonjwa wa nyonga tangu 2007, kila hospitali inaonekana imechelewesha wangapi. Kisha kesho yake baada ya operesheni mgonjwa anainuliwa. Ndugu huwa wanashtuka hapo, mtu katoka kuchanwa jana leo mtaalamu wa mazoezi anamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inagusa sakafu, anashika fremu ya kutembelea, anasimama sekunde chache na jasho linamtoka, anarudishwa. Siyo ukatili, zile sekunde chache ndo tiba yenyewe.

Ukweli mchungu upo pia, takwimu za nchi mbalimbali zinaonyesha kama asilimia 15 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wanaopona hawarudii kutembea kama zamani.

Operesheni imefanikiwa, ameruhusiwa. Tumemaliza?

Hapana, na hapa ndo mimi naona mfumo unaangusha watu karibu kila mahali. Daktari wa upasuaji kaunga, kamaliza kazi yake, mgonjwa anaenda nyumbani na dawa za maumivu, na hakuna aliyetibu ule udhaifu wa mfupa uliofanya kuanguka kudogo kulete balaa kubwa. Ule utafiti wa 2023 ulikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika, waliopata dawa ya mifupa walikuwa chini ya nusu karibu kila sehemu, Ujerumani kama asilimia 11 tu, Uingereza peke yake ndo iligusa nusu. Hizo ni nchi zenye pesa na dawa! Aliyevunjika nyonga moja ana hatari kubwa sana ya kuvunjika tena, mara mbili au zaidi ya mwenzake, iwe nyonga ya pili au uti wa mgongo.

Na dawa inasaidia. Mwaka 2007 kulichapishwa jaribio la wagonjwa waliovunjika nyonga, walipewa dripu ya zoledroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa mwaka, wakalinganishwa na waliopewa dripu isiyo na dawa: kuvunjika upya kulipungua kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa uliza waziwazi, "dokta, mifupa yake inatibiwa na nini?" Kama jibu ni vidonge vya kalsiamu tu, endelea kuuliza.

Hizo dawa si zinaozesha taya na kuvunja paja?

Hayo madhara yapo na ni nadra. Taya hutokea zaidi kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa, kwa wengine muhimu ni kutengeneza meno kabla ya kuanza. Paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida hutokea zaidi kwa waliotumia miaka mingi, ndo maana daktari hupumzisha baadhi ya watu baada ya kama miaka mitano. Maumivu ya paja yasiyoeleweka kwa mtu anayetumia dawa hizi yaripotiwe haraka.

Alendroneti inamezwa asubuhi tumbo tupu na maji mengi, halafu mtu akae wima nusu saa asirudi kulala, la sivyo inachoma koo. Denosumabu, dawa nyingine ya mifupa, ni sindano ya kila miezi sita na hii usiiache kiholela, ukiruka dozi mfupa unapungua kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Vitamini D kwa wingi itasaidia?

Kwa aliyepungukiwa, ndiyo, ajazie. Kwa mtu mwenye afya anayemeza tu kwa sababu kasikia, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2022 halikuona kuvunjika kukipungua. Dozi za kufidia mwaka mzima kwa mkupuo ndo mbaya zaidi, Australia walijaribu uniti 500,000 mara moja kwa mwaka kwa wanawake wazee, matokeo yakatoka 2010, waliopewa walianguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa.

Nyumbani tuanze na nini?

Anza na njia ya kutoka kitandani mpaka chooni, usiku. Itembee mwenyewe taa zikiwa zimezimwa utaona kila kitu, waya, zulia linalokunjika, kizingiti, sakafu yenye maji. Weka taa ndogo na vishikio ukutani. Halafu mfuko wa dawa, wote, upeleke kwa daktari aupitie, dawa za usingizi na baadhi za presha zinaangusha sana wazee. Macho yapimwe, mtoto wa jicho unatolewa. Mazoezi ya balansi na nguvu za miguu yafanyike wiki nzima siyo Jumapili tu, hata kuinuka kwenye kiti bila kushika ni zoezi.

Mama tangu aanguke anaogopa kutembea, anasema atakaa tu asituletee shida. Tumwache?

Akikaa miguu inalegea na ndo atakuwa rahisi zaidi kuanguka siku atakayolazimika kuinuka. Usimwambie "usiogope", mwombe daktari amuunganishe na mtaalamu wa mazoezi, aanze na fremu na mtu pembeni, umbali mfupi anaouchagua yeye, na huyo wa pembeni asimame upande ule wenye mguu dhaifu.