Kiwanja si akaunti ya ada

Kila ikifika Novemba naanza kusikia maneno yaleyale: "Ada ya mtoto hainipi shida, nina kiwanja Chanika." Nikiuliza hela yenyewe iko wapi, naambiwa ardhi haishuki bei.

Ardhi inapanda, sikatai. Lakini kwenye ada shida ni tarehe. Shule zinafunguliwa Januari, na kiwanja hakiuziki kwa tarehe uitakayo wewe. Mama mmoja alinijia na karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, imekunjwa mara nne, mihuri imefifia. Kiwanja hakijapimwa, na mwanawe anaingia kidato cha kwanza shule ya binafsi. Dalali alishamletea wanunuzi, wote wakabaini ana haraka. Aliyefika bei ya maana alitaka kulipa kwa awamu mbili, ya pili Aprili! Hapo bado cha dalali, na kodi ya ongezeko la mtaji ukihamisha umiliki kihalali. Wala huwezi kumega kona ya kiwanja ulipie muhula wa kwanza, kona nyingine ikangoja Julai.

Hela yenye tarehe iwekwe mahali inapotoka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hautozi gharama ya kuingia wala kutoka, na ukiuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko, hela inaingia benki ndani ya siku chache za kazi. Shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 5 ni milioni 3, faida hujaihesabu. Kiwanja nunua, tena kilichopimwa, ila kwa hela usiyoihitaji kwa miaka 10 ijayo. Hili nitalirudia mpaka nichoke.

Zipo na kauli nyingine ninazozisikia. "Nakatwa NSSF, kwa hiyo nachangiwa." Huo ni mfuko wa hifadhi ya jamii. Slipu ya mshahara inaonyesha umekatwa, haionyeshi kama mwajiri amepeleka. Angalia taarifa ya michango yako kila baada ya miezi 3. Pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180, na pengo utakuja kuligundua wakati wa kufuatilia mafao, kampuni ilishafungwa zamani.

"Hatifungani za serikali ni za mabenki." Hatifungani ni kuikopesha serikali ikulipe riba. Unaanza na shilingi 1,000,000, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba unalipwa kila miezi 6. Kwa anayekaribia kustaafu, hiyo ni hela ya matumizi bila kugusa mtaji. Ukitaka kutoka mapema unauza DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kwa bei ya siku hiyo.

"Mfuko wa pamoja haupati hasara." Bei ya kipande hushuka pia, hasa kwenye mifuko yenye hisa kama Umoja, nao ni wa UTT AMIS. Anayekuahidi faida nono kila mwezi bila kuyumba, mkimbie. Waliopanda mbegu, yaani kuweka hela, kwenye upatu wa DECI hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa. Na kama mwanao amebakiza miaka 2 kuingia chuo, hela yake ya ada iliyo Umoja anza kuihamishia Ukwasi sasa hivi.