The Dark Side of the Moon si muziki mgumu, tuache kutishana

Kijana mwingine kaniletea kazi yake studio. Dakika tatu za mwangwi na kengele kabla hata mtu hajafungua mdomo. Nikamuuliza wimbo wenyewe unaanza lini, akaniambia bila kupepesa macho: "Mzee, hii ni ngumu, kama Pink Floyd," ile bendi ya roki ya Uingereza. Basi leo tulimalize.

Albamu yao ya 1973, The Dark Side of the Moon, si ngumu. Wanaoiita kilele cha ufundi wa progresivu roki (roki ya nyimbo ndefu zenye miundo tata), nina shaka kama waliwahi kushika gitaa na kuipiga. Wimbo "Breathe" ubeti mzima ni kodi mbili (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), Em na A, Em na A, mwendo wa mtu anayejinyoosha. Kabla ya kurudi nyumbani kwenye Em kuna kodi moja ya maana, na Rick Wright mwenyewe, mpiga kinanda wa bendi, alieleza kwamba aliitoa kwenye Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis. Moja. "Us and Them" nayo beti zake zinazungusha kodi nne huku besi likiwa limeng'ang'ania noti ya D. Unataka kutoka jasho ukihesabu? Machi 1973, mwezi uleule albamu hii ilipotoka, bendi ya King Crimson walitoa Larks' Tongues in Aspic. Nenda huko, kisha urudi tuongee.

"Lakini wimbo wa Money una mapigo saba kila mzunguko, si manne ya kawaida!" Hapo ndipo ninapoishiwa subira, kwa sababu kila mtu huitaja hiyo saba kama hati ya shahada. Sikiliza vizuri. Saba yenyewe inabebwa na besi linalojirudia, la kuimbika hata ukiwa unaosha vyombo. Saksofoni ya Dick Parry inapita juu yake bila kujikwaa. Halafu inafika zamu ya mpiga gitaa David Gilmour, na bendi nzima inahamia kwenye mapigo manne, mwendo nao unapanda kidogo. Ulikuwa uamuzi mzuri, solo ile ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila usiniletee kama ushahidi wa ugumu wimbo ambao wenyewe waliurahisisha pale mpiga gitaa alipotakiwa kung'ara.

Jasho la "Money" lilimwagika kwenye tepu. Roger Waters, mpiga besi wa bendi, alitupa sarafu ndani ya bakuli ambalo mke wake, mfinyanzi, alilitumia kuchanganyia udongo. Sauti zile pamoja na za karatasi kuchanwa na mashine ya kuhesabia fedha zikakatwa vipande vya tepu, kila kipande kikapimwa kwa rula kiwe na urefu wa pigo moja, vikaunganishwa saba saba kuwa duara. Ukikosea kidogo tu, mdundo unachechemea. Hapo natoa heshima zangu zote, lakini ni heshima ya fundi wa wembe na rula, si ya mpiga ala. "On the Run" ni hivyohivyo: noti nane zilizoingizwa taratibu kwenye sintesaiza ya Synthi AKS, kisha zikaharakishwa. Kwa wakati ule ilikuwa ajabu. Siku hizi mimi huiruka.

Na ule "mwangwi wa Floyd" mnaonijia nao? Waters alitaka miksi kavu isiyo na mwangwi mwingi, Gilmour akataka kila kitu kielee kwenye mwangwi, hadi akaletwa prodyuza Chris Thomas kusimamia miksi. Ukinakili sauti ile unanakili suluhu ya ugomvi wa watu wengine. Hata saa zinazogonga kwenye "Time" hazikutungwa na bendi. Alan Parsons, fundi mitambo wa studio ya Abbey Road, London, alikuwa amezirekodi kwenye duka la saa kuukuu kwa ajili ya jaribio jingine kabisa.

Halafu kuna mwimbaji Clare Torry. Dakika zinazonisimamisha nywele kwenye albamu nzima ni zile za "The Great Gig in the Sky", na anayeimba hakuwa mwanabendi. Aliitwa Jumapili moja Januari 1973, hakupewa neno hata moja la kuimba, akabuni yote palepale, akalipwa pauni 30. Ilibidi ashtaki mwaka 2004, na baada ya mapatano ya 2005 ndipo jina lake likaandikwa kando ya la Wright kama mtunzi. Wanaosema "Floyd ni majiniasi" wapunguze sauti kidogo wimbo huo unapopigwa.

Wiki 741 ambazo albamu ilikaa kwenye chati ya mauzo ya Marekani, Billboard, kati ya 1973 na 1988 nazijua. Mauzo hayapimi ugumu. Na nyie mnaodai albamu ilitungwa ilingane na filamu ya The Wizard of Oz, msinianze: filamu dakika 101, albamu 43, fanyeni hesabu.

Kinachonisumbua kweli ni "Any Colour You Like". Ukinipigia peke yake nitakuambia ni watu wanne wanaojaza nafasi kwa kodi mbili, na ningemshauri mteja yeyote aitupe. Ikija mahali pake, ikitokea tumboni mwa "Us and Them" na kumwagikia "Brain Damage", siwezi kuigusa. Nimejaribu kujieleza kwa nini, nikaishia kwenye maneno kama "mtiririko", ambayo hayaelezi kitu. Labda utunzi wao ulikuwa hapo kwenye viungo, nami nimekuwa nikikagua mifupa. Au labda viungo vinaficha nyimbo dhaifu vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kuficha. Sijaamua.