Lindi tunatoka jasho, Addis Ababa wanajifunika gabi

Kila mwaka tukifika kwenye hali ya hewa, nawagawia wanafunzi wangu hapa Lindi ramani ya Afrika na swali moja: mji wetu na Addis Ababa, upi uko karibu zaidi na ikweta? Darasa karibu zima hujibu Lindi, maana ndiko wanakotoka jasho. Wakipima, kelele. Sisi tuko nyuzi 10 kusini, wenzetu nyuzi 9 kaskazini.

Kinachotutenganisha ni mwinuko. Addis iko kiasi cha mita 2,350 juu ya bahari hii tunayovua pweza, na kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa nyuzijoto 6 hivi. Toa 14 kwenye joto la hapa, utaelewa kwa nini jioni kule watu hujifunika gabi, shuka nzito ya pamba.

Na baridi ndiyo iliyouzaa mji. Menelik wa Pili, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ethiopia, aliweka makao juu ya mlima Entoto, mahali pazuri kwa kujihami, pabaya kwa mifupa. Mkewe, Taytu Betul, akapenda kushuka bondeni kwenye chemchemi za maji moto za Filwoha. Akajengewa nyumba huko, na mwaka 1886 pakaitwa Addis Ababa, yaani ua jipya. Waoromo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na jina lao tangu hapo, Finfinne, na hawajaliacha.

Nusura mji uhame. Misitu ya karibu iliishia jikoni, na kufikia mwaka 1900 Menelik alikuwa ameanza kujenga magharibi, Addis Alem, dunia mpya. Kilichouokoa ni mkaratusi kutoka Australia: unakua haraka, na ukiukata kisiki kinachipua tena. Wanaoulaumu kwa kunywa maji wana hoja, lakini bila huo, mji mkuu wa Ethiopia leo ungekuwa kwingine.

Wanafunzi hupenda zaidi habari ya saa. Kule, kama kwetu, saa moja asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko, kwa kuwa huku karibu na ikweta jua halibadilishi sana ratiba. Mtu wa Lindi akiitwa kikaoni Addis saa tatu asubuhi, atawahi. Mzungu akisikia "saa tatu" atafika alasiri, viti vimeshaondolewa.