Saa Haisimami: Ligi ya Kikapu ya Burudani Chuoni kwa Macho ya Refa

Kila muhula huja timu yenye wachezaji watano wazuri kweli kweli. Wamecheza pamoja tangu sekondari, wanaelewana kwa macho tu, na mmoja wao akiachwa huru nje ya mstari wa pointi tatu umeumia. Na kila muhula timu ya aina hiyo hutolewa na watu wanane au tisa wa kawaida ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Mimi ni refa wa ligi hizi, na sababu naiona imewekwa juu ya meza ya wasimamizi wa mchezo: ni saa.

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mchezo una robo nne za dakika 10, na saa husimama kila filimbi inapolia. Ukijumlisha mapumziko, dakika 40 hizo hukaribia saa mbili za ukumbi. Chuo hakina muda huo. Timu ni nyingi, ukumbi ni mmoja, na watu wa mpira wa wavu wamesimama mlangoni wakisubiri zamu yao. Kwa hiyo ligi nyingi za burudani huchezwa vipindi viwili vya dakika 20, na saa inatembea moja kwa moja. Mpira umetoka nje, inatembea. Faulo, inatembea. Mtu kainama kufunga kamba za kiatu, inatembea. Husimama kwa taimauti, yaani mapumziko mafupi yanayoombwa na timu, na kwa majeruhi, halafu katika dakika ya mwisho au mbili za mwisho ndipo inaanza kufuata filimbi. Ukiujua mchezo wa kikapu kwa kuuangalia kwenye televisheni tu, huu utakushangaza.

Anza na hesabu ya watu. Nafasi uwanjani ni tano, mchezo ni dakika 40, kwa hiyo timu ina dakika 200 za kugawana. Mkiwa kumi, kila mtu anapata 20. Mkiwa wanane, 25. Mkiwa watano, kila mmoja anabeba 40 zote, na mapumziko ya robo hayapo. Wapo wanaobisha kwamba saa ikitembea bila kusimama mpira wenyewe unachezwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo uchovu si hoja. Ni kweli kwa mwanariadha. Hii miguu ninayoizungumzia ilikuwa imekaa darasani tangu asubuhi.

Uchovu unaonekana kwenye mikono kabla ya miguu. Mlinzi mwenye nguvu husogeza miguu ili abaki mbele ya mwenye mpira. Akichoka, miguu inabaki pale pale na kiganja ndicho kinachotangulia: kinatua kiunoni mwa mwenzake kama cha mtu anayepapasa ukuta gizani. Mara ya kwanza naweza kumwambia tu, "Toa mkono." Mara ya pili ni filimbi. Ndiyo maana faulo huwa nyingi kipindi cha pili, na ndiyo maana timu ya watu watano humaliza na wanne: mwenye faulo tano anatoka, na hakuna wa kuingia. Kanuni zinaruhusu kuendelea mkiwa pungufu, hata mkibaki wawili. Mkibaki na mmoja tu, mchezo umekwisha na mmepoteza.

Kwa hiyo leteni watu. Hata mchezo wenyewe ulianza hivyo. James Naismith alipoubuni Desemba 1891 kule Springfield, Massachusetts, alikuwa mwalimu aliyetakiwa kutafuta dawa ya darasa lililochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Wanafunzi walikuwa 18, akawagawa tisa kwa tisa, wote wakacheza. Watano kwa watano ni jambo lililokuja baadaye.

Kuwa na watu hakutoshi kama hamjui kuwabadilisha. Mchezaji wa akiba haingii kwa kupunga mkono akiwa pembeni ya uwanja. Anakwenda mezani, anasema anaingia kwa nani, anakaa pale tayari, na anasubiri mpira ufe, yaani mchezo usimame, na refa amwite. Timu zilizozoea humtuma mezani mapema, mchezo ukiwa unaendelea, ili filimbi ikilia aingie papo hapo. Timu nyingine huanza kujadiliana filimbi ikishalia: "Nani ametoka? Wewe? Basi mimi." Mjadala huo unakula muda. Na pete, hereni na mikufu vivuliwe kabla. Sitamruhusu mtu aingie na pete hata kama ni ya ndoa. Kidole chenye pete kikinasa kwenye wavu au kwenye jezi ya mtu, hiyo si faulo tena, ni hospitali.

Jambo la pili linalokosekana katika ligi nyingi za burudani ni saa ya mtupo, ile inayoilazimu timu yenye mpira kurusha ndani ya sekunde 24. Historia yake inaeleza kwa nini kukosekana kwake kuna uzito. Tarehe 22 Novemba 1950, katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mchezo mzima, kwa sababu Pistons waliamua kuushika mpira tu ili mpinzani mwenye nguvu asiuguse. Mashabiki walikereka. Mwaka 1954 NBA ikaleta saa iliyopigiwa debe na Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mchezo wa dakika 48 una sekunde 2,880, na mchezo mzuri una mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, gawanya unapata 24.

Kwenu saa hiyo haipo, maana yake Pistons wa 1950 wanaweza kurudi jioni yoyote. Timu inayoongoza kwa pointi sita zikiwa zimebaki dakika nne inaweza kuzungusha pasi hadi mchoke. Silaha mliyonayo ni kumkabili mwenye mpira. Aliyeushika mkononi huku mlinzi yuko mbele yake ndani ya mita moja ana sekunde 5 za kutoa pasi, kurusha au kudunda. Mimi nahesabu kwa mkono. Ila akianza kudunda, FIBA haimwekei hesabu hiyo, anadunda mpaka kesho, kwa hiyo mlinzi wa pili lazima aje. Ulinzi wa zoni, ambao timu zilizochoka huupenda kwa sababu unaokoa miguu, hapa unageuka mtego: mnakaa kwenye maeneo yenu mkimtazama mpinzani akila muda.

Wengi hapo hukimbilia faulo ya makusudi kama walivyoona kwenye televisheni. Ni kosa la hesabu. Kule faulo inasimamisha saa. Huku, kabla ya zile dakika mbili za mwisho, haisimamishi. Umemshika mtu, napuliza, naonyesha namba mezani, wote wanatembea polepole hadi upande wa pili, wanajipanga, mrushaji anavuta pumzi, anarusha mara mbili. Nusu dakika imekwenda, na huenda amefunga zote. Umelipia mara mbili kitu ambacho hakikukupa chochote. Subirini saa ianze kusimama. Na nahodha ajue mapema inaanza kusimama lini, na kama husimama pia kikapu kinapoingia, kwa sababu kila ligi ina lake.

Kuhusu malalamiko: lalamiko kubwa kuliko yote ni "ametembea!", yaani amepiga hatua nyingi na mpira bila kudunda. Mara nyingi hajatembea. Tangu 2017 kanuni za FIBA zinamruhusu anayepokea mpira akiwa kwenye mwendo kupiga hatua mbili baada ya kuudhibiti, na mguu uliokuwa chini wakati anaudhibiti hauhesabiwi. Anayeanza kuhesabu kutoka mguu huo atapata tatu kila leyapu (mtupo wa karibu wa anayekimbilia kikapu) na atakasirika jioni nzima. Hasira hiyo ina bei. Ligi nyingi za aina hii humpa refa nafasi ya kuweka alama za nidhamu kwa kila timu, na timu yenye alama mbovu haivuki kwenda mtoano hata kama imeshinda zote. Benchi linaloporomosha matusi hushusha alama sawa na mchezaji anayetukana, na nahodha hushangaa sana akiambiwa hivyo.

Mwisho ni vifundo vya miguu, jambo ambalo ningependa kila mtu alisikie kabla ya kuvaa jezi. Majeraha mengi ninayoyaona hayatokani na kugongana. Mtu ameruka kurusha, mlinzi amesogea mbele kumzuia, na mrushaji anatua juu ya kiatu cha mlinzi. Kifundo kinapinduka kwa ndani, ligamenti za upande wa nje zinavutika au kuchanika. Aliyeruka ana haki ya kutua. Ukiingiza mguu wako chini yake baada ya yeye kuondoka ardhini ni faulo, na mimi huipuliza hata kama mpira ulishaingia. Aliyeumia asirudishwe uwanjani kwa sababu timu ina watano. Akishindwa kupiga hatua nne kwa mguu huo, apelekwe akaonwe na daktari. Hicho ni mojawapo ya vigezo vinavyotumika kuamua kama anahitaji eksirei. Wanaomtoa wamshike pande zote mbili, na mguu wenyewe usikanyage.