Je, pikapu ya zamani inaweza kuvuta boti salama?

Dar es Salaam swali hili halikauki. Mtu ana Hilux ya miaka ya tisini, ameona boti ya faiba inauzwa Msasani kwa bei nzuri, naye anakaa Kigamboni. Gari halijawahi kumwangusha. Limebeba mchanga, limebeba saruji, limebeba matofali ya nyumba nzima. Boti moja italishindaje?

Inaweza kuivuta, ila kwa masharti, na masharti yenyewe hayaanzii kwenye injini. Ile injini ya dizeli iitwayo 3L, yenye ujazo wa lita 2.8, iliyofungwa kwenye Hilux nyingi za wakati huo haina turbo wala haraka, lakini huvuta vizuri ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Chesisi yake ni fremu ya chuma iliyojitenga na bodi, na umbo hilo hufaa kwa kuvuta. Kwa hiyo gari litaondoka. Cha kujiuliza ni kama litasimama pale bodaboda itakapokukatia mbele Mwenge.

Anza na uzito, maana hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Muuzaji atakwambia boti ina kilo 700, na huenda anasema kweli, ila anataja ganda tu. Weka injini ya nyuma ya kilo 110. Weka petroli lita 100, ambayo ni kilo 75 hivi. Ongeza nanga, kamba, betri, jaketi za kuokolea maisha na deli la barafu, tuseme kilo 80. Trela lenyewe lina kilo 350. Jumla umeshapita kilo 1,300, uzito unaokaribia wa pikapu yenyewe ikiwa tupu. Na kama boti ilikaa nje bila turubai masika yote, chungulia ndani kabla hujafunga chochote: kila lita ya maji ya mvua ni kilo moja, na lita 200 zinaweza kujificha chini ya sakafu bila mtu kujua. Ukiweza, pitisha trela kwenye mizani ya magari. Yadi nyingi za vyuma chakavu wanayo.

Sasa fungua kitabu cha gari. Kwa pikapu nyingi za ukubwa huu utakuta viwango viwili vya kuvuta: kimoja cha trela lenye breki zake, kingine cha trela lisilo na breki. Hiki cha pili mara nyingi ni kilo 750 tu. Boti ya mfano wetu imeshakipita mbali, kwa hiyo trela lisilo na breki liondoe kwenye hesabu kabisa, hata kama jirani yako analivuta hivyo kila Jumamosi. Kumbuka pia kwamba viwango hivyo vilipimwa gari likiwa jipya, likiwa na breki mpya na springi ambazo hazijalala.

Ukiwa kwenye spidi 50, pikapu tupu yenye breki nzima, lami ikiwa kavu, husimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki ziliposhika. Funga nyuma yake trela lenye uzito sawa na lisilo na breki: breki zilezile sasa zinazuia uzito mara mbili, na mita zinakuwa 28. Hapo sijahesabu mita nyingine 14 zinazopotea katika ile sekunde moja ya kushtuka na kukanyaga. Ukienda 80, nguvu ya kuzuiwa huwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50. Nguvu yote hiyo hugeuka joto ndani ya pedi na dramu.

Joto hilo ndilo linalofichua umri wa gari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na Dar es Salaam unyevu haujawahi kutupungukia. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali inazama mpaka chini bila gari kushikwa. Gari ambalo miaka yote liliishi na mafuta machafu bila shida litakuonyesha shida hiyo siku ya kuvuta mzigo mzito. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi ndogo sana kwa fundi, na ningeifanya kabla ya kununua hata kamba ya boti.

Baada ya breki, lala chini ya gari na tochi. Tazama chesisi nyuma ya ekseli, pale chuma cha kuvutia kinapofungwa. Gonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyozibwa na kuangusha maganda. Pikapu zilizoishi karibu na bahari huoza kutokea ndani ya fremu, kwa hiyo rangi nyeusi iliyopakwa juu juzi isikutulize. Tafuta pia alama za kuchomelea. Pikapu iliyozidishiwa mizigo kwa miaka mingi mara nyingi ilishapasuka ikaungwa, na kufunga boti kwenye kiungo cha namna hiyo nakataa moja kwa moja. Kichwa cha mviringo cha kuunganishia kiwe na kipimo kilekile cha mdomo wa trela. Kile cha milimita 50 ndicho cha kawaida. Minyororo ya usalama ipite chini yake ikiwa imekingamana, maana matuta yetu huirusha trela vibaya.

Halafu kuna mgawanyo wa uzito. Karibu asilimia 10 ya uzito wa trela na boti iegemee nyuma ya gari. Kwa kilo 1,300 ni kilo 130. Boti hupenda kuharibu hesabu hii kwa sababu injini na tangi viko nyuma. Mbele ikiwa nyepesi, trela huanza kuyumba kulia na kushoto, na kila mwendo ukiongezeka linayumba zaidi. Likikuanza, usikanyage breki kwa nguvu wala usijaribu kulifukuzia kwa usukani: achia mafuta, shika usukani wima, ngoja mwendo ushuke. Mbele ikiwa nzito mno nako ni kubaya. Springi za nyuma hulala, pua ya gari hunyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangaza miti badala ya barabara.

Ukifika ufukweni safari bado. Beringi za trela na ekseli ya gari zimepata moto njiani. Ukizizamisha hapohapo kwenye maji ya chumvi, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja na kuvuta maji kupitia sili zilizochoka au tundu la kupumulia. Baada ya wiki chache fungua mafuta ya difu, yale ya gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, utayakuta yana rangi ya chai ya maziwa. Subiri nusu saa kabla ya kuingia, na usirudishe nyuma mpaka magurudumu ya gari yazame. Hendibreki ya pikapu hizi hushika magurudumu ya nyuma tu, ambayo ndiyo yaliyoko kwenye mwani na utelezi, kwa hiyo awepo mtu wa kuweka kabari. Angalia na majedwali ya maji: wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hapa hupita mita 3, na mteremko uliokuwa mzuri asubuhi unaweza kuishia kwenye tope mchana. Ukirudi nyumbani, osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, pamoja na ndani ya dramu.

Kama gari limeshindwa hata jambo moja kati ya breki, chesisi na uzito, boti ya Msasani inaweza kufika Kigamboni kwa njia yake yenyewe. Mpe nahodha anayeijua pwani hii, chagua asubuhi isiyo na kusi kali, nalo trela tupu livutwe na gari lenye breki na chesisi nzima kupitia Daraja la Nyerere.