Ndani ya Uzio wa Bandari Kuna Nini?

Kila ninapowatembeza wageni bandarini, macho yao huenda kwanza kwenye uzio, kamera na askari wa langoni. Vitu hivyo vina msingi wake katika Kanuni ya ISPS, yaani kanuni ya kimataifa ya ulinzi wa meli na bandari, iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari mwezi Desemba 2002, mwaka mmoja na ushei baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliyofanywa nchini Marekani, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Kwa mujibu wake, bandari inayopokea meli za safari za kimataifa hufanyiwa tathmini ya ulinzi, huwa na mpango ulioidhinishwa pamoja na ofisa wa kuusimamia, na hujiandaa kupandisha ulinzi kutoka ngazi ya 1 ya siku zote hadi ngazi ya 3, tishio linapokuwa limekaribia.

Mimi hutanguliza swali jingine: ndani ya uzio huo kuna shehena gani, nani anaijua, na imewekwa jirani na nini? Kiswahili kina neno moja, usalama, kwa aliyejikinga na mwizi na kwa aliyejikinga na moto, ilhali kazini nimeona mambo hayo yakigawiwa ofisi mbili zisizokutana.

Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, inanisumbua hadi leo. Meli ya Rhosus iliingia huko mwaka 2013 ikiwa na tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti inayochochea moto, zilizokuwa zikielekea Beira, Msumbiji, yaani pwani yetu hii hii. Meli ilizuiwa, na mwaka uliofuata shehena ikashushwa na kuwekwa katika ghala namba 12, ambamo baadaye zilikuwamo pia fataki. Maofisa waliandikiana barua kwa miaka, na mwaka 2020 yakatolewa maagizo ya kutengeneza milango ya ghala ili kuzuia wizi. Tarehe 4 Agosti mwaka huo ghala lililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Wizi ulifikiriwa, lakini kutenganisha kinachochochea moto na kinacholipuka, jambo ambalo Kanuni ya IMDG, yaani kanuni ya kimataifa ya usafirishaji wa shehena hatari baharini, inalisisitiza kwa kugawa shehena hizo katika madaraja 9, hakukufanyika.

Miaka mitano kabla, huko Tianjin, China, nitroselulosi, kemikali inayowaka kwa urahisi, iliyokauka kupita kiasi ilipata joto na kuwaka yenyewe katika ghala la bandari. Watu 165 walikufa na 8 hawakupatikana. Wengi wao walikuwa wazimamoto walioukimbilia moto ule.

Hatari nyingine ni uzito wa uongo. Ajali ya meli ya MSC Napoli ya mwaka 2007 ilipochunguzwa, makontena 660 hivi ya sitahani yalipimwa, na 137 kati yake yalitofautiana na hati zake kwa zaidi ya tani 3. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena lililojazwa halipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa, ama kwa kulipima zima, ama kwa kupima kila kilichomo na kujumlisha uzito wa kontena tupu.

Kwa hiyo ninapokagua bandari, naanzia chumba cha zamu, si langoni. Naomba orodha ya shehena hatari iliyoko uwanjani saa hiyo, kisha naenda na karatasi hiyo mkononi hadi kwenye makontena yenyewe, nikilinganisha namba, lakiri na vibandiko vya hatari. Nikirudi, nauliza kama kikosi cha zimamoto kina nakala ya orodha hiyo hiyo, ya leo, si ya wiki iliyopita.