Mlango wa Kioo Kwenye Deki ya Juu

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam kwa treni ya mchongoko, akaingia darasani na swali. Alikuwa amekata tiketi ya daraja la kawaida. Njiani akataka kunyoosha miguu, akatembea behewa baada ya behewa mpaka mhudumu akamwambia kwa upole kwamba kule mbele ni kwa abiria wa madaraja ya juu. "Mwalimu," akaniuliza, "wote tumefika Dodoma dakika ile ile. Sasa yule wa kule mbele amenunua nini?"

Ninafundisha huduma za hoteli hapa Dodoma. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye meli za kitalii, sehemu kubwa nikiwa mhudumu wa vyumba. Swali la kijana huyu ndilo ambalo biashara ya meli hizo imekuwa ikilijibu kwa miaka ishirini sasa, na jibu lake limebadilisha hata namna meli zinavyochorwa. Siku ile kengele ilinikatiza. Nimjibu hapa, maana najua wasomaji wangu wengi wanajiandaa kuomba kazi huko, na jambo hili mtakutana nalo siku ya kwanza mkikabidhiwa kadi ya kufungulia milango.

Ukitaja madaraja melini, watu hukumbuka Titanic ya mwaka 1912. Daraja la tatu lilitengwa kwa vizuizi, na sababu mojawapo ilikuwa sheria za uhamiaji za Marekani zilizotaka wahamiaji watenganishwe na abiria wengine. Meli ilipozama, katika daraja la kwanza walipona takriban watu sita katika kila kumi. Katika daraja la tatu ni kama mmoja katika kila wanne. Huo ndio ulimwengu wa zamani, na kwa muda mrefu sisi tuliofanya kazi melini tuliamini umeshazikwa.

Zilizouzika ni ndege. Jeti zilipoanza kubeba abiria juu ya Atlantiki mwaka 1958, meli za kuvusha watu zikaanza kukosa wateja. Chukua meli ya France, iliyoanza safari mwaka 1962. Ilijengwa kwa madaraja mawili, kila daraja na deki yake ya kutembelea. Mwaka 1979 kampuni ya Norwegian Caribbean Line ikainunua, ikaipa jina la Norway, na mwaka 1980 ikaanza kuizungusha Karibi na watalii wa daraja moja tu. Njia mbili za kutembelea zikapewa majina ya mitaa, Champs-Élysées na Fifth Avenue, na kila abiria akawa anapita popote.

Kwa miaka mingi huo ndio ukawa utaratibu wa meli za watu wa kawaida. Mwenye pesa alilala kwenye chumba kikubwa chenye roshani, asiye nazo akalala chumba cha ndani kisicho na dirisha. Lakini mkishafunga milango nyuma yenu, mlikuwa sawa: ukumbi mmoja wa chakula, bwawa moja, foleni moja ya chai. Kampuni ya Cunard ilibaki na desturi ya kukupangia ukumbi wa chakula kulingana na chumba ulicholipia, na mpaka leo meli yake ya Queen Mary 2 ina kumbi za Queens Grill, Princess Grill na Britannia. Wengine walijivunia kuachana na hayo.

Kisha madaraja yakarudi. Kinachonigusa ni kwamba walioanza kuyarudisha ni warithi wa wale wale walioyavunja kwenye Norway. Mwaka 2005 Norwegian Jewel iliingia baharini ikiwa na vyumba vya kifahari vilivyozunguka ua wake wa faragha, wenye bwawa dogo ambalo abiria wengine hawakuruhusiwa kulifikia. Baadaye sehemu za namna hiyo zikaitwa The Haven. MSC Fantasia ikaja na Yacht Club mwaka 2008. Mwaka 2016 kampuni ya Royal Caribbean ikagawa suti zake, yaani vyumba vyake vya kifahari, katika ngazi tatu, na ile ya juu kabisa ikapewa mhudumu maalumu wa kutimiza kila ombi. Celebrity ikafuata mwaka 2018 na The Retreat. Wenyewe kwenye biashara wanaiita meli ndani ya meli, na jina hilo ni sahihi kabisa.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni hesabu. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina deki 20 na hubeba abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa kila chumba. Meli ya namna hiyo haiwezi kuondoka na vyumba vitupu, hivyo tiketi za chini huuzwa kwa bei ya kushindana, na pesa hutafutwa juu. Icon yenyewe ina suti ya familia ya ghorofa tatu yenye mtelezo wa watoto ndani yake, ambayo bei yake imeripotiwa kufikia makumi ya maelfu ya dola kwa wiki moja. Sababu ya pili ni wateja wenyewe. Zipo meli ndogo za matajiri peke yao, ila hazina maporomoko ya kuchezea maji wala ukumbi mkubwa wa maonyesho. Tajiri mwenye watoto anataka vitu vya meli kubwa bila umati wa meli kubwa. Ndipo kampuni zikamuuzia umbali.

Nikisema umbali sisemi ukubwa wa chumba. Nimetandika vitanda vya aina zote mbili. Shuka nzito na godoro zuri havimgharimu mtu pesa zile. Kinachouzwa kwanza ni muda. Abiria wa suti anapokewa bandarini kwenye chumba chake chenye vinywaji, anapelekwa melini kwa njia yake. Lifti nyingine zikisomeshwa kadi yake hupanda moja kwa moja bila kusimama njiani. Kwenye maonyesho ana viti vilivyotengwa. Meli ikitia nanga mbali na gati na watu wakashushwa kwa boti, anasindikizwa mpaka kwenye boti mbele ya foleni. Jumlisha dakika hizo kwa siku saba na utaona amenunua karibu siku nzima ya likizo. Dakika hizo hazitoki hewani. Akipita mbele watu kumi, kila mmoja wa wale kumi amesubiri zaidi.

Kuna asubuhi moja siisahau. Tulikuwa tumetia nanga mbele ya kisiwa kimoja cha Karibi, upepo unavuma, boti zinakwenda polepole. Foleni ya abiria wa kawaida ilipanda ngazi deki mbili. Katikati yake alisimama mzee mmoja aliyekuwa kwenye vyumba vyangu, magoti yameshavimba, mkono mmoja umeshika reli ya shaba na mwingine umemshika mkewe. Mara tatu tuliwaomba wasogee ukutani ili kikundi cha suti kipite, nasi tukitabasamu kama tulivyofundishwa. Mara ya tatu mzee hakuuliza kitu. Alimwambia mkewe, "Turudi chumbani," wakaanza kupanda ngazi, kidato kwa kidato. Kisiwa kile hawakukikanyaga.

Kinachouzwa cha pili ni nafasi, na hapa ndipo mgeni wa meli anapaswa kuangalia kwa makini. Meli haina kiwanja cha nyongeza. Huku kwetu mtu akizungushia ua shamba lake la zabibu, wewe unaweza kutafuta lako Hombolo au Mpunguzi. Baharini kila mita ya mraba inayofungwa imetolewa kwenye mita za wote. Na sehemu inayofungwa mara nyingi ni ile nzuri kuliko zote: juu kabisa, upande wa omo, yaani mbele ya meli, ambako bahari unaiona mbele yako yote bila kizuizi. Meli za zamani ziliweka pale ukumbi wa kutazama mandhari, na aliyelala chumba cha ndani kisicho na dirisha alipata dirisha lake huko. Kwenye meli kadhaa ukumbi huo ulipotea, pakawa na deki ya jua ya suti. Nafurahi kuandika kwamba si wote walioendelea hivyo: Norwegian Bliss ya mwaka 2018, iliyolengwa kwa safari za Alaska, ilirudisha ukumbi mkubwa wa omoni kwa abiria wote, huku The Haven ikipewa wa kwake.

Mlango wa kuingilia huko juu mara nyingi ni wa kioo, wenye kisomeo cha kadi pembeni. Mwenye ruhusa, taa ya kijani. Asiye nayo, nyekundu. Nilipokuwa nahudumia sehemu hiyo kwenye kampuni moja, ilikuja familia ya vizazi vitatu. Bibi na babu walikuwa suti. Mtoto wao na wajukuu walikuwa deki ya tisa. Mjukuu mmoja wa miaka kama sita, nywele bado zinachuruzika maji ya bwawa la chini, alipanda peke yake na kadi yake shingoni akaigusisha pale. Nyekundu. Akaifuta kadi kwenye taulo, akajaribu tena. Nyekundu. Akaigeuza upande wa pili. Kupitia kioo alikuwa anamwona bibi yake amelala kitini, hatua kumi hivi. Kanuni ilikuwa wazi na msimamizi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, hivyo nikachuchumaa nikamweleza kwamba kadi yake haijaharibika. Hiyo ndiyo sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kumwambia mgeni, maana mtoto alikuwa anaomba iwe imeharibika.

Mwaka 2016 Katherine DeCelles na Michael Norton walichapisha utafiti kuhusu ndege. Walikuta kwamba fujo za abiria wa daraja la kawaida zilikuwa nyingi zaidi kwenye ndege zenye daraja la kwanza, na zikaongezeka pale abiria walipolazimika kuingia kwa kupita katikati ya viti hivyo vya kwanza. Wachoraji wa meli wana faida ambayo ndege haina: wanaweza kuficha. Ndiyo maana suti zimewekwa pembeni na juu, na njia zake haziko katika njia yako. Unaweza kumaliza wiki nzima usijue zipo. Ila foleni ya boti na mlango wa kioo havifichiki.

Wanaokwenda kufanya kazi wajue pia kwamba mpaka mwingine uko chini ya miguu ya abiria wote. Kwenye meli nyingi kuna njia ndefu ya wafanyakazi inayokwenda karibu urefu wote wa chombo; kwenye meli za soko la Marekani tuliiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya huko. Humo hupita mizigo, nguo chafu na watu wanaokimbilia zamu. Maofisa wana ukumbi wao wa kula, wafanyakazi wa kada ya kati wana wao, na sisi wengine wetu. Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende nyuma au mbele ya chombo, mwisho utarudi chini tumboni mwake. Nilikuwa nikilikumbuka neno hilo kila usiku nikitoka kukunja taulo omoni na kushuka ngazi za chuma hadi kitandani kwangu, karibu na usawa wa maji.

Kuna sehemu moja ambayo bei ya tiketi haina nguvu. Baada ya Titanic mataifa yalitia saini mkataba wa kwanza wa SOLAS mwaka 1914, na tangu hapo usalama wa roho baharini umekuwa na kanuni za kimataifa. Kila abiria ana kituo chake cha kukusanyikia, na zoezi la dharura ni la lazima kwa mwenye suti na kwa mwenye chumba cha ndani. Nilipenda siku hiyo ya kwanza ya safari kuliko siku nyingine zote.

Msimamo wangu ni huu. Mtu alipie chumba kikubwa, alipie mvinyo, alipie mhudumu wake; pesa hiyo inalipa na mishahara yetu. Ninachokipinga ni kuuza omo na kuuza foleni, kwa sababu hivyo viwili vina mwenyewe tayari.

Nilipokuwa mtoto tulikwenda Tabora kwa shangazi kila likizo, daraja la tatu, tukiwa tumebanana na mabegi. Treni ikisimama Saranda, kina mama walijipanga na kuku kwenye masinia. Mabwana wa kabini za daraja la kwanza walitoa mkono dirishani kama baba alivyotoa wake, wakanunua kwa mama yule yule, kwa bei ile ile. Usiku walilala vizuri kuliko sisi, na wala hatukuona kinyongo.

Juzi niliwapa wanafunzi zoezi. Nikachora meli ubaoni, nikawaambia wagawe deki ya juu wapendavyo, ila mwisho wa safari kampuni isipate hasara. Karibu wote walifunga omo. Binti mmoja kutoka Manyoni akaiacha wazi, akachora mabenchi kuzunguka, suti akazisogeza katikati. Wenzake wakamuuliza pengo la pesa atalifidia wapi. Akasema atapandisha bei ya vyumba vyenyewe. Tulipiga hesabu pamoja mpaka jioni: bado anapungukiwa suti nne. Ameomba apewe mpaka Jumatatu.